Nusu ya Kitabu Niliyoisoma

Kariakoo, Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Salma,

Nakuandikia nikiwa barazani, na wewe uko uani. Nakusikia ukicheka na dada yako Zaituni juu ya sanduku lililokataa kufungika. Ni hatua ishirini tu kutoka hapa nilipo; ningeweza kuinuka nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini tangu wiki hii ianze, kila nikifungua kinywa tunagombana. Mimi husema nusu ya ninachotaka, nawe unaimalizia kwa namna nisiyoikusudia. Karatasi haikatizwi maneno. Utaisoma kesho kwenye treni, ukishapita Morogoro, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunijibu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mabehewa, meli ya ziwani, nani atakupokea chuoni Kampala, yote hayo dada yako amekueleza mpaka umechoka. Mimi nataka kurudi kwenye maneno yako ya Jumanne.

Ulikuwa umetoka mkutanoni Mnazi Mmoja, koo limekukauka kwa kushangilia, ukanikuta nasoma gazeti. Ukasema, "Baba, tukishajitawala tutaanza upya kabisa. Cha Mzungu tutakitupa na cha wazee tutakitupa. Nchi hii inataka kufagiliwa mpaka udongo."

Nikakuuliza, "Na mimi nitafagiliwa?"

Ukasema, "Wewe ni mtu wa mila, baba. Watu wa mila ndio breki ya nchi hii."

Nilivaa kofia yangu nikatoka. Ulidhani nimekasirika. Nilizunguka soko mara tatu, nikisalimiwa naitikia bila kujua nani kanisalimu. Si hasira iliyonitoa nyumbani. Ni kwamba maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile, nikiwa mkubwa kwako kidogo, na mtu mmoja akafa.

Hujawahi kuisikia habari hii. Marehemu mama yako aliijua, na wazee wachache wa kule chini. Wakati ule hatukuwa tunakaa hapa. Tulipanga kule ardhi inakoanza kuteremkia Jangwani, nyumba za udongo na makuti zilizosongamana. Katikati ya nyumba zile palikuwa na kichochoro kipana kuliko vichochoro vyote, kimenyooka kutoka juu mpaka bondeni. Hakuna aliyejenga pale, wala aliyepanda hata mchicha. Ukiuliza unaambiwa, wazee walikataza. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa tena, wazee walikataza.

Sisi vijana tulikuwa na chama chetu cha maendeleo. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu nilijua kuandika barua kwa Kiingereza. Tulitaka nyumba ya chama, yenye chumba cha kusomea magazeti, na mahali pekee palipokuwa wazi ni pale. Tukaitisha mkutano. Nikasimama nikahutubia. Nilisema kwamba mji wa kisasa haujengwi kwa kuogopa mizimu, kwamba wazee wetu walikuwa watu wa giza. Vijana walinipigia makofi mpaka masikio yangu yakapata moto, na nakuambia ukweli, hakuna tamu duniani kama ile.

Mzee Shomari, muuza mkaa, ndiye peke yake aliyepinga. Usimfikirie mzee wa hekima mwenye ndevu nyeupe. Alikuwa mgomvi, mchoyo, alikuwa anapunja vipimo vya mkaa na mtaa mzima unajua. Akasema, "Msijenge pale."

Nikamwambia, "Tupe sababu moja, mzee wangu. Moja tu."

Akatutazama, akatafuta, akakosa. "Sababu sina," akasema. Tukacheka. Akaondoka na vicheko vyetu mgongoni.

Tulijenga wakati wa kiangazi. Tulinyanyua msingi kwa mawe, tukaukandika vizuri, ukuta mpaka ukuta. Masika ilipoingia, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku ya pili asubuhi maji yote ya huku juu yakashuka na njia yao ya zamani, yakakuta nyumba yetu imeziba. Yakasimama. Yakapanda. Yakaingia kwenye nyumba za watu kwa mlango wa uani. Ukuta wa Bi Tatu, mama mmoja aliyekuwa akisuka mikeka, ukalainika kama uji, ukamwangukia akiwa anajaribu kuokoa ukindu wake. Tulimtoa yu hai. Aliishi siku sita tu.

Tuliibomoa nyumba ya chama kwa mikono yetu wenyewe, maji yakiwa kiunoni, na Mzee Shomari akiwa katikati yetu na sururu. Tulipomaliza nikamwuliza kwa uchungu, "Kwa nini hukutuambia ni njia ya maji?"

Akasema, "Sikujua. Miaka yote niliyokaa hapa mvua haijawahi kuwa hivi. Nilijua tu kwamba walioacha pale wazi hawakuwa wajinga kuliko mimi."

Mwanangu, neno lile lilinikaa kifuani. Nilianza kukosea kazini. Unajua kwamba wakati ule, kama sasa, nilikuwa karani wa wakili Bwana Maganlal. Yeye kazaliwa Zanzibar, na Kiswahili chake kimenipita mimi. Siku moja nikaandika jina la mdai mahali pa mdaiwa. Akafunga mlango akaniuliza, "Athumani, una nini?" Nikamsimulia.

Akateremsha kitabu kikubwa chenye jalada lililoliwa na mende. Aliniambia habari za Mwairishi mmoja aliyekaa katika bunge la Waingereza zamani, wakati Wafaransa walipomwondoa mfalme wao na kuamua kuanza upya kila kitu, mpaka majina ya miezi. Mtu huyu alitabiri mapema kwamba itaishia kwenye damu na kwa mwanajeshi mmoja kushika nchi, na ndivyo ilivyokuwa. Fikra yake, kama Maganlal alivyonifafanulia, ni kwamba akili ya mtu mmoja ni kisima kifupi. Desturi ni akili ya watu wengi wa zama nyingi, waliojaribu, wakakosea, wakarekebisha, na mara nyingi wakasahau hata sababu. Na nchi si mali ya waliomo ndani yake leo tu. Waliokufa wana sehemu yao, na watakaozaliwa wana yao. Sisi ni wapangaji wenye amana.

Nilihisi kama mtu aliyepewa jina la ugonjwa wake. Tangu siku ile, mara kwa mara, wateja wakishaondoka, alikuwa akinifungulia kitabu kingine. Alinieleza habari za Mfaransa mmoja aliyetishwa mno na yale mapinduzi hata akaona kwamba bila mfalme, kasisi na mnyongaji hakuna mji unaosimama. Huyo sikumpenda, nilimwona kama mtu aliyeungua akataka kila mtu ale chakula kibichi. Alinieleza pia habari za waziri mkuu mmoja wa Kiingereza, mjukuu wa wahamiaji wa Kiyahudi, aliyewaambia matajiri wenzake wa chama cha wahafidhina kwamba matajiri na maskini wamekuwa mataifa mawili ndani ya nchi moja, na kwamba apendaye mambo ya kale yadumu lazima ahangaikie nyumba na maji ya mfanyakazi. Nilisikiliza. Lakini nilichokibeba moyoni kilikuwa kile cha kwanza tu. Cha kale kina sababu. Usiguse.

Na kwa kile cha kwanza nilimfunga dada yako.

Zaituni alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la pili. Ulikuwa bado unatambaa na kuvunja vyungu vya bibi yako. Mwalimu wake alikuja hapa hapa barazani akasema mtoto ana akili, msimtoe shule. Bibi yako naye akasema msichana akikaribia kuvunja ungo nafasi yake ni ndani, na somo wake wa kumfunda keshatafutwa. Mama yako, Mungu amrehemu, alinitazama mimi.

Zaituni mwenyewe alisimama pale mlangoni ameshika ubao wake. "Baba, nimalize mwaka huu tu," alisema. "Mwaka huu tunaanza mwandiko."

Nikasema, "Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu." Methali, Salma. Mtoto kaniomba mwaka mmoja, nimempa methali.

Nilipomweleza Bwana Maganlal, nilidhani atanisifu. Alivua miwani. "Umesoma nusu ya kitabu, Athumani," akasema. "Mwairishi yule yule alisema kwamba nchi isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Unajua alitumia miaka mingapi ya maisha yake kuwashitaki Waingereza wenzake kwa walivyowadhulumu babu zangu kule Bara Hindi? Hakusema dhuluma ile iachwe kwa kuwa imezoeleka." Nikamjibu kwamba yeye ni Mhindi, hayajui mambo ya watu wa pwani. Nilimwambia hivyo mtu aliyenifungulia vitabu vyake. Alivaa miwani akaendelea na kazi.

Zaituni akawekwa ndani, akachezwa unyago, akaolewa Rufiji na mfanyabiashara wa mpunga. Miaka ikapita bila neno baya. Halafu siku moja likaja lori la magunia sokoni, naye akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu. Wewe ulikuwepo, ulimrukia shingoni. Akanipa barua. "Shikamoo baba. Mume wangu anakusalimu. Kanipa ruhusa nije kuwatembelea, na salamu zako kaandika humu."

"Marahaba," nikasema, nikafungua. Ilikuwa talaka.

Alijua herufi za kitabu, Salma. Hakujua mwandiko wa mkono. Alikuwa ameikumbatia ile karatasi siku nzima juu ya magunia asije akaipoteza.

Akaniuliza, "Kasemaje?"

Nikasema, "Anatusalimu wote." Nikaikunja nikaitia mfukoni. Siku tatu nilitembea nayo. Siku tatu alipika, aliimba, aliniambia akirudi atampelekea mumewe kofia ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, kutoka mtaa wa Kongo. Siku ya nne bibi yako aliikuta nguoni akifua, akaileta barazani akaniwekea mapajani, nikajua sina tena pa kujificha. Nikamwita Zaituni nikamsomea.

Alingoja mwadhini amalize. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Ningejua kuisoma, baba, nisingeibeba."

Ndiyo maana uliendelea na shule. Sikuwa shujaa, kama unavyopenda kuwaambia wenzako. Nilikuwa mtu aliyefumaniwa na kosa lake. Na ulipofika umri ule ule, bibi yako na akina mama wa mtaa walipokuja juu, sikuwaambia mila ni ujinga, maana hilo nilishalisema siku moja na nilijua matokeo yake. Nilikwenda kwa Bi Kidawa, somo wako, nikamwuliza swali ambalo sikumwuliza Mzee Shomari vizuri: "Mnamfundisha mwali nini hasa, na kwa nini?" Alinieleza kwa saa nzima, mengine yakinitia haya. Yalikuwa mambo ya usafi, ya mwili, ya kumjua mwanamume mwongo, ya kuwa na mwanamke mmoja mkubwa ambaye utamkimbilia maisha yako yote asiye mama yako. Nikaona hapa pana njia ya maji. Nikamwuliza, "Na kumtoa shule ni sehemu ya hayo?" Akafikiri. "La," akasema. "Zamani shule haikuwepo."

Basi tukakubaliana: likizo utakuwa ndani kwake, shule ikifunguliwa utarudi darasani. Bibi yako hakusema nami muda mrefu. Wewe nawe ulinikasirikia. Ulisema nimekufanya popo, si ndege si mnyama. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawasawa. Huenda nilikuudhi bure. Lakini nimekuona, ukiwa na jambo zito, huji kwangu. Unajitanda kanga unakwenda kwa Bi Kidawa. Sijui ningekupatia wapi mtu kama yule kama ningevunja vyote.

Unasema, huu ni uoga uliovaa kanzu. Labda. Ngoja nikuambie jambo lililonisumbua kuliko hata maneno yako.

Mwezi uliopita bwana mmoja Mzungu wa serikali alikuja ofisini kwa ajili ya kesi ya viwanja. Wakati anasubiri akaniambia, "Wewe ni mtu wa busara, Athumani. Waambie vijana wenu wasiwe na haraka. Bunge letu limekua kwa karne nyingi. Huwezi kuvuta mche majani ili urefuke." Nikaitikia kwa kichwa! Kichwa kilikwenda chenyewe. Nikarudi nyumbani chakula kikanishinda. Yalikuwa maneno yangu, yale niliyoyapenda miaka yote, sasa yako kinywani mwa mtu aliyenikalia shingoni, naye anaona raha kuyasema kwa kuwa kakaa pazuri.

Nimehangaika na jambo hili siku nyingi. Nilichokipata ni kidogo, lakini ni changu. Mtu akisema "twende taratibu," mtazame ni nani anayeumia wakati mnakwenda taratibu. Niliposema mimi, aliyeumia alikuwa Zaituni. Aliposema yule bwana, tunaoumia ni sisi. Basi neno lile, hata likiwa kweli, halina heshima mpaka msemaji awe tayari kulipa gharama yake mwenyewe. Na mtu akisema "tuvunje," mwulize kama aliwahi kukaa kwenye nyumba za chini, ambako maji hufika.

Uhuru nautaka. Sijakwambia hivyo waziwazi, nakwambia sasa. Huwa nasimama kule mwisho wa uwanja, karibu na wauza kahawa, ambako wewe huwezi kuniona, na nimepiga makofi. Nautaka kwa sababu mimi ni mtu wa mila: mgeni ndiye aliyekuja na kalamu akaanza upya kila kitu chetu, akagawa watu mitaa kwa rangi, akaweka machifu mahali pasipo na machifu. Mwanamapinduzi mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona ni yeye. Lakini usiku baada ya mikutano silali vizuri, kwa sababu nawasikia wenzako wakihutubia, na sauti naijua. Ni yangu.

Sasa limebaki moja, nami nimekuwa nalizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Nimeshainuka mara mbili kwenda kunywa maji bila kiu.

Jumatatu hii nilikwenda shuleni kwenu. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga Magomeni. Nilivaa kanzu nyeupe na koti, nikaomba kumwona mwalimu mkuu, yule mama wa Kizungu. Nilikwenda kumwomba safari yako isogezwe mwaka mmoja. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Ningesema msichana hasafiri peke yake siku nyingi hivyo. Ningesema ni desturi yetu, na angekubali, maana wanapenda sana tukisema ni desturi yetu.

Akanikaribisha kiti. Akauliza, "Nikusaidie nini, Mzee Athumani?"

Nikasema, "Nimekuja kuhusu Salma. Nadhani angengoja mwaka mmoja."

"Sababu ni nini?"

Nilifungua kinywa. Nikatafuta desturi, nikaikuta, iko pale tayari, nzuri, ya heshima. Nikaitazama vizuri kama nilivyomtazamisha Bi Kidawa yake. Haikuwa na kitu ndani, Salma. Hapakuwa na njia ya maji wala amana ya waliokufa. Palikuwa na mzee mmoja anayeogopa kuketi na gazeti lake jioni pasipo mtu wa kumwambia amekosea.

Mwalimu alingoja. Nikamwambia, "Sababu sina."

Akasema, "Basi?"

Nikasema, "Basi aende."

Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, na tangu siku ile nakugombeza kwa kila kitu, kwa sanduku, kwa mkutano, kwa sauti yako kubwa. Sasa umejua kwa nini. Nisamehe. Ukifika, niandikie, na usiandike salamu tupu, nipinge. Anza na ukurasa wowote wa barua hii.

Zaituni ananiita. Sanduku limefungika.

Ni mimi baba yako,
Athumani